Mafuta ya Mimea, Lakini Mimea Gani?

Zamani kusoma lebo kwangu kulikuwa kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, basi. Kisha binti yangu akagundulika ana mzio wa protini za maziwa, nami nikamnunulia ule unga mweupe wa kutia kwenye chai, uliotangazwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo kwamba si wa maziwa. Usiku ule ule midomo ikamvimba. Nyuma ya kopo, kwa maandishi ya kusomwa na siafu, palikuwa na maneno haya: kaseinati ya sodiamu.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, na daktari, saa tano za usiku. Kaseinati hutengenezwa kwa kaseini, nayo kaseini ndiyo takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Watengenezaji hawakutia maziwa, walitia protini iliyotolewa kwenye maziwa, na kwa hesabu zao hayo ni mambo mawili.

Tangu siku hiyo, kila neno kwenye orodha ya viambato naliuliza: umetokana na nini? Maneno mengi hayana jibu. "Mafuta ya mimea" yanaweza kuwa ya mawese, soya, alizeti au mbegu za pamba. Jina la jumla humwachia mwenye kiwanda nafasi ya kubadili mafuta bila kuchapisha lebo mpya. Umoja wa Ulaya unalazimisha mmea utajwe tangu Desemba 2014. Penye sheria legevu unabaki kubahatisha. "Wanga uliobadilishwa" nao huwatisha watu bure, wakidhani ni habari ya mbegu zilizobadilishwa jeni maabara. Ni wanga uliotiwa joto, asidi, vimeng'enya au kemikali nyingine ili chakula kilichotiwa wanga huo kibaki kizito. La kuuliza ni kama ulitoka kwenye mahindi, viazi, muhogo au ngano, hasa kwa asiyeweza kula gluteni, ile protini ya ngano.

Kiswahili chenyewe hakisaidii. "Viungo" ni vyote vilivyomo, na ni bizari na pilipili pia. Ukikuta "viungo" ndani ya orodha ya viungo, jua ni hivi vya pili, na kwamba mara nyingi sheria inaruhusu visitajwe kimoja kimoja. Mwenye mzio wa haradali au ufuta asipite hapo kwa haraka.

Linaloniudhi kuliko yote ni "ladha asilia". Picha ni ya tunda, neno ni la kupendeza, nawe unajaza mwenyewe kilichobaki. Asilia maana yake ladha ilianzia kwenye mmea, mnyama au vijidudu kama hamira. Si lazima iwe kwenye tunda lililochorwa.

Namba za viongezwa, zile ambazo mara nyingi hutanguliwa na herufi E, zina afadhali, kwa sababu zinatafutika. 322 ni lesithini, ya kuunganisha mafuta na maji, ya soya mara nyingi, ya mayai pengine. 471, ya kazi hiyo hiyo, inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba haisemi ipi. 120 ni rangi nyekundu ya wadudu waliokaushwa, jambo ambalo asiyekula vya wanyama angependa kulijua kabla ya kumeza.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Mimi hutafuta chumvi ilipo: vinavyoifuata kwa kawaida vimetiwa kwa kiasi kichache sana. Ila kwa mwenye mzio uchache si kinga, na sukari nayo hugawanywa katika dekstrosi, sharubati ya glukosi na fruktosi, kila moja ikikaa chini kwa adabu. Zijumlishe.

Neno likikataa kabisa kufunguka, andikia kampuni, na usiulize kama bidhaa ni salama. Mimi niliuliza hivyo kuhusu biskuti fulani, nikajibiwa kwamba afya ya wateja wao ndicho kipaumbele chao. Nikaandika tena: ladha asilia iliyomo kwenye biskuti hizi imetokana na maziwa, ndiyo au hapana? Nikataja na namba ya toleo iliyopigwa kwenye paketi, maana mapishi hubadilika na jibu la mwaka jana halinisaidii.

Kesho yake jibu likaja, neno moja: ndiyo. Paketi mbili zilikuwa bado kabatini. Nikazila mwenyewe.