X nyekundu kwenye fremu, X ya kijani kwenye nyumba: barua ya siku 30 inasema nini hasa?

SWALI

Habari za kazi. Nina kiwanja Bunju kando ya barabara ya Bagamoyo. Mbele kuna fremu tatu za biashara, nyuma yake ndiyo nyumba tunayoishi. Mwezi uliopita walipita watu na kopo la rangi: fremu zikapigwa X nyekundu, nyumba ikapigwa X ya kijani. Wiki hii nimeletewa barua yenye maneno haya: "Unaarifiwa kuondoa maendelezo yako yote yaliyomo ndani ya eneo la hifadhi ya barabara, kwa gharama zako mwenyewe, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Ukishindwa kutekeleza, yataondolewa bila taarifa nyingine na utawajibika kwa gharama zitakazojitokeza." Nina leseni ya makazi, na kodi ya majengo nakatwa kwenye LUKU kila mwezi. Leseni ina jina la marehemu mume wangu. Je, navunja vyote? Kuna fidia? Na mpangaji mmoja anataka nimrudishie kodi yake ahame.

Msomaji, Bunju

JIBU

Pole kwa kufiwa, na pole kwa barua. Usiguse nyumba. Zinazohesabiwa siku ni fremu, na hata hizo zipime kwanza kabla hujaita fundi wa kubomoa.

Tuanze na rangi. Zamani hifadhi, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 45 kwa barabara kuu na barabara za mikoa, yaani mita 22.5 kila upande ukianzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, iliipanua hadi mita 60: mita 30 huku, mita 30 kule. Nyongeza ni mita 7.5 kila upande, na ugomvi wote wa X unazunguka kipande hicho chembamba. Aliye ndani ya zile mita 22.5 za mwanzo anahesabiwa amevamia, kwa hiyo anapigwa nyekundu na anaondoka bila fidia. Aliye kati ya mita 22.5 na 30 hakuvamia kitu. Sheria ndiyo iliyomfuata alipo. Huyo hupigwa kijani, na ana haki ya kulipwa kabla ya kuondolewa. Zipo barabara chache zenye vipimo vyake, Morogoro kuanzia Kimara ikiwa mfano unaojulikana na wengi, kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani wa barabara nyingine.

Sasa barua. Neno "maendelezo" ni kila ulichojenga au kupanda: ukuta, kibanda, choo, karo, mti wa matunda. Hilo halina shida. Mtego uko kwenye "hifadhi ya barabara". Tangu sheria ya 2007, hifadhi ni mita 30 zote, si 22.5. Ukiisoma ile sentensi neno kwa neno, "maendelezo yako yote yaliyomo ndani ya hifadhi" yanaibeba na nyumba yako yenye X ya kijani, japo aliyeiandika huenda alikuwa anafikiria fremu tu. Barua za namna hii huandikwa kwa mfano mmoja, zikabadilishwa jina na namba, zikagawiwa mtaa mzima. Ukinyamaza, siku kijiko cha kubomolea kikifika utakuwa unabishana na dereva, na dereva ana karatasi isiyotaja rangi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Chukua tepu ya mita 50 na watu wawili, asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo. Anzia katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami. Hapa wengi hukosea: lami pekee ina mita kadhaa kutoka katikati hadi ukingo, na mtu akianzia ukingoni anajikuta "salama" kwa kipimo ambacho hakipo. Tepu ivutwe ikiwa imenyooka na kukaza, isifuate mtaro, na iende mraba na barabara, isikate mshazari. Pima kona zote mbili za mbele za kila jengo, maana jengo likikaa upande kidogo, kona moja inaweza kusoma mita 21.9 na nyingine 22.8. Andika vipimo vyote, weka tarehe, mwenyekiti atie saini na mhuri.

Jambo jingine la kuangalia ni kama barabara iliwahi kupanuliwa upande mmoja tu. Ikiwa hivyo, mstari mweupe wa katikati unaouona leo si lazima uwe ndio katikati iliyotumika kwenye ramani ya hifadhi. Mwenye jibu ni ramani yenyewe, nawe una haki ya kuomba uonyeshwe. Pengo la nusu mita linaweza kuipeleka fremu kutoka nyekundu hadi kijani. Hapo mlipe mpima ardhi mwenye leseni aje na vyombo vyake. Likiwa mita nne, hela hiyo iache mfukoni.

Leseni ya makazi na ile kodi ya LUKU nitavimaliza kwa pamoja. Kodi ya majengo inatozwa kwa kuwa jengo lipo. Stakabadhi yake haikupi haki ya ardhi. Kibali cha ujenzi cha manispaa nacho hakiwezi kuruhusu kilichokatazwa na sheria ya barabara. Leseni ya makazi ni ya muda na haiwi ngao ndani ya mita 22.5. Lakini usiitupe! Kwa upande wa nyumba ya kijani, leseni ndiyo ushahidi kwamba mlikuwa mnakaa hapo kihalali, na mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali kwa ajili ya fidia, ataiulizia. Anayeweza kupinga X nyekundu kwa hoja nzito ni mwenye hati au ramani ya upimaji inayoonyesha mpaka wa kiwanja chake umeingia ndani ya zile mita 22.5, au mwenye ushahidi kuwa alikuwepo kabla eneo halijatangazwa kuwa hifadhi. Huyo afanye upekuzi ofisi ya ardhi na aende kwa wakili wiki hiyo hiyo.

Kazi ya pili ni kujibu barua kwa maandishi. Angalia kichwa cha barua: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya ni TARURA. Mwandikie aliyesaini, si ofisi nyingine. Ukurasa mmoja unatosha. Juu weka kumbukumbu namba ya barua yao, ileile kama ilivyo, bila hiyo barua yako itazunguka masjala. Kisha andika mambo matatu tu: umepokea barua lini, fremu ziko umbali gani na nyumba umbali gani kutoka katikati ya barabara, na unaomba wathibitishe kwa maandishi kwamba amri ya siku 30 inahusu fremu tatu zenye X nyekundu, na haihusu nyumba yenye X ya kijani mpaka tathmini na malipo ya fidia yafanyike. Ambatisha karatasi ya vipimo na picha za X zote mbili, zionekane wazi zikiwa kwenye kuta zake. Nakala kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Peleka mkononi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kumpigia simu afisa unayemfahamu si vibaya, ila simu haina mhuri.

Siku 30 zinahesabiwa "tangu tarehe ya barua hii", si tangu ulipoipokea. Kama barua ni ya tarehe 3 nawe ukaipata tarehe 12, siku tisa zimeshaliwa. Ndiyo sababu ya kuandika kwenye jibu lako tarehe uliyoipokea, na kuomba muda zaidi kwa ajili ya fremu ikiwa unauhitaji. Ombi la muda linalopelekwa mapema, likiwa na sababu ya kueleweka, lina nafasi. La siku ya mwisho halina.

Kwenda mahakamani nako kuna hesabu yake. Kabla ya kuishtaki serikali au wakala wake lazima utoe notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ona pengo: barua inakupa siku 30, sheria ya mashauri inakutaka usubiri 90. Mawakili huliziba pengo hilo kwa kuomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati notisi inaendelea kuiva. Wenyewe huliita ombi la Mareva. Lina gharama, na kwa fremu zilizo wazi kabisa ndani ya mita 22.5 sioni faida yake. Kwa nyumba ya kijani inayotishiwa kubomolewa bila malipo, hilo ni jambo la kwenda kumwona wakili.

Tuje kwenye fidia. X ya kijani si tathmini, wala si ahadi ya tarehe. Ni alama kwamba umo kwenye nyongeza. Tathmini hufanyika eneo linapohitajika kwa mradi, na kati ya rangi na malipo inaweza kupita miaka. Wakati huo endelea kuishi, ziba bati linalovuja, paka chokaa. Usiongeze chumba. Siku ya tathmini hutangazwa tarehe ya ukomo, na kilichojengwa baada yake hakilipwi.

Mthamini akija atapima jengo, atahesabu miti na kukupiga picha mbele ya nyumba ukiwa umeshika namba yako. Soma fomu kabla ya kusaini: idadi ya vyumba, aina ya sakafu, kama dari imeandikwa, kama karo na kisima vimo. Kitu kisichoandikwa siku hiyo ni kazi kubwa kukirudisha. Mbali na thamani ya ardhi na jengo, kanuni za fidia za 2001 zinataja posho ambazo watu husahau kuziulizia. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba kwa mwezi mara miezi 36. Nyumba ya kupangishwa kwa shilingi 250,000 inaleta milioni 9. Posho ya usumbufu ni thamani ya mali mara wastani wa riba ya mwaka ya amana za muda maalumu kwenye benki za biashara. Kwa mfano wa hesabu tu, milioni 40 kwa riba ya asilimia 8 ni milioni 3.2. Usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Penye biashara, faida halisi ya mwezi huzidishwa mara 36, lakini kwa hesabu zilizokaguliwa. Daftari la madeni la dukani halitoshi. Eneo lisilokaliwa na mtu halipewi posho ya usafiri, ya makazi wala ya faida, kwa hiyo usiihame nyumba kwa hofu ukaiacha tupu.

Kipande cha nyumba kikiangukia nje ya mita 30, usikubali kimyakimya walipe sebule tu. Mwombe mthamini aandike kama kinachobaki kinaweza kusimama na kukaliwa, hasa pale ukuta unaobeba kenchi ukiwa upande unaokatwa. Tathmini ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanadai riba, na miaka 2 ikipita bila kulipwa tathmini yenyewe inakwisha nguvu na kurudiwa.

Kinachokwamisha wengi ni jina, na wewe uko hapo hapo. Hundi haiandikwi kwa marehemu. Fungua mirathi sasa, usingoje mthamini. Kama mirathi inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, utahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokupendekeza, kisha mahakama itatoa uteuzi wako kwenye fomu namba IV. Hakikisha jina lako kwenye fomu hiyo, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki linafanana herufi kwa herufi. "Mwanaidi" huku na "Mwana Idi" kule ni safari tatu za bure.

Mpangaji mrudishie miezi ambayo hajaitumia, mwandikiane mbele ya mjumbe. Usimwingize mwingine kwenye fremu hizo. Utakuwa unapokea kodi ya chumba ambacho una barua ya kukivunja.

Na vipimo vikithibitisha kwamba fremu ni za nyekundu kweli, zibomoe mwenyewe kabla ya siku ya mwisho. Fundi wako atashusha bati, atachomoa mbao, milango, grili na hata nondo za linta. Kijiko kinaacha kifusi, na gharama unadaiwa wewe. Kabla ya nyundo ya kwanza, nenda TANESCO wakakate umeme na kuhamisha mita ya fremu. Mita ni mali yao, na ukutani mwa fremu kuna waya ambao fundi wa kubomoa hatauona.