Maswali Yenu: Eti mwinuko wa Dodoma unashusha kiwango cha kuyeyuka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Dodoma. Kwenye praktiko tulisafisha asidi benzoiki kwa maji ya moto, tukachuja, tukaianika kidogo tukapima. Yangu ilianza kuyeyuka nyuzi 113 ikamalizika 119, wakati kitabu kinasema 122. Wenzangu wanadai ni mwinuko, kama maji yanavyochemka mapema huku. Ni kweli? Na nikirudia nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwinuko hauhusiki kabisa. Maji yanachemka pale mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa, na sisi tuko kama mita 1,120 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndo maana yanachemka karibu na 96. Ila kitu kigumu kikiyeyuka ujazo wake unabadilika kidogo mno, kwa hiyo tofauti ya hewa ya hapa na ya Dar thermometa yako haiwezi hata kuiona.

Pale mwinuko unapowaponza watu ni kwenye kuhakiki thermometa, mtu anaichovya kwenye maji yanayochemka, inasoma 96, anasema mbovu, anaanza kujumlisha nne kwenye kila kipimo! Hakiki kwa barafu inayoyeyuka, hapo ni 0 popote ulipo.

Mi naangalia huo upana wako, kutoka 113 mpaka 119. Kitu safi kinaanza na kumaliza ndani ya nyuzi moja au mbili. Kikishuka na kutanuka hivyo, kuna kingine kimechanganyika nacho, na kwa maelezo yako naona ni maji, maana umesema uliianika kidogo. Upepo wetu unakausha juu haraka, ndani ya chembe unyevu bado upo. Iache ikauke mpaka siku ya pili, halafu uisage laini. Vumbi la kawaida wala lisikutishe sana, haliyeyuki ndani ya asidi kwa hiyo halishushi kitu.

Kwenye kijibomba cha kioo jaza milimita 2 au 3 tu, kigongegonge mezani unga ushikane chini. Pasha haraka mpaka kama 105, kutoka hapo punguza moto, nyuzi moja au mbili kwa dakika, hapa ndo wengi mnakosa subira na moto ukikimbia unga na thermometa haviendi pamoja. Andika namba mbili: tone la kwanza linapoonekana, na chembe ya mwisho inapopotea. Kijibomba kilichoyeyuka usikirudie, chukua kipya.

Ukipata 121 mpaka 122 na bado una wasiwasi kama ni asidi benzoiki kweli, omba kidogo ile ya kwenye chupa ya maabara, saga pamoja na yako nusu kwa nusu upime. Isiposhuka, ni yenyewe. Ikishuka ujue una kitu kingine kinachoyeyukia hapohapo.