Kipimo cha kichocho kinasema chanya. Chanya ya lini?

Swali: Nilikulia Mbita, sasa naishi Embakasi. Mwaka Mpya nilioga ziwani na binti yangu wa miaka 8. Yeye ilikuwa mara yake ya kwanza. Wiki mbili baadaye tulipimwa kingamwili za kichocho kwenye kliniki ya mtaani: mimi chanya, yeye hasi. Nikameza dawa. Baada ya mwezi nimepimwa tena, bado chanya. Naambiwa kichocho changu ni sugu, nichomwe sindano. Ni kweli?

Jibu: Sindano usikubali. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na mpaka sasa hakuna aliyethibitisha kwamba unacho.

Karatasi kama yako naletewa kila mara, na inaudhi kuona mtu akitozwa pesa juu ya kosa lile lile. Kingamwili si mnyoo. Ni kinga ambayo mwili huitengeneza kupambana na mnyoo, nazo hubaki kwenye damu miaka mingi hata minyoo ikishakufa. Aliyechezea maji ya Ziwa Victoria utotoni anaweza kupimwa chanya leo bila kuwa na mnyoo hata mmoja. Ni kama kovu la chanjo begani: linaonyesha kwamba ulichanjwa, halisemi kama leo u mgonjwa. Kurudia kipimo hicho ili kujua kama dawa imefanya kazi ni kutupa pesa.

Mimi nina wasiwasi zaidi na binti yako. Hasi ya wiki mbili si kitu. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi kwa dakika chache, lakini kingamwili kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuonekana. Yeye hana historia ya ziwa, kwa hiyo kipimo hicho kikirudiwa wiki ya 12 kitakuwa na maana kwake. Kwako hakina.

Dawa nayo uliimeza mapema. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga huponea. Na walikupa vidonge vingapi? Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji karibu vidonge vitano vya miligramu 600. Nimewaona watu wazima waliopewa viwili.

Sasa muda umetosha. Pelekeni choo maabara nyote wawili, sampuli za siku tatu tofauti, maana kinachowekwa chini ya darubini kwa njia ya Kato-Katz ni miligramu 41.7 tu, na mayai machache hukosekana kwa urahisi. Yai la kichocho cha ziwani lina mwiba ubavuni, na likiwa hai unaweza kuona kijidudu kikitikisika ndani. Hapo ndipo ubishi huisha.

Wengine wanaouziwa hofu hii ni wajawazito. Mama anapimwa toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni; IgG (kingamwili zinazobaki muda mrefu) inatoka chanya na IgM (zinazotangulia maambukizi yakiwa mapya) hasi, anaambiwa mtoto yuko hatarini, anakuja analia. Mara nyingi majibu hayo yanaonyesha maambukizi ya zamani, yaliyopita kabla hajashika mimba.

Halafu kuna mashine ya kushika mkononi inayodaiwa "kusoma" minyoo ya mwili mzima kwa dakika moja. Haisomi mnyoo wowote. Ukipewa uishike, dai pesa zako uondoke.