Jibu Ulipata, Alama Sikukupa

Juzi usiku rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa 2 kaniandikia: "Shikamoo Dokta. Jibu nilipata, mbona alama umeninyima?"

Kweli alipata. Mgonjwa ana kifua kikuu, naye alisema kifua kikuu. Ila nilipomuuliza ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo, alinyamaza. Nikauliza nini kingine kinaweza kumkondesha mtu vile; akanitajia orodha ya kitabuni bila hata kumtazama mgonjwa.

Namjibu hapa, maana wengi wenu mnasomea ubingwa na kesho mtafundisha.

Mwaka wangu wa kwanza wa ubingwa nilimpokea mama mmoja usiku, homa na kichwa. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha chanya. Nikamwanzishia sindano, nikahamia kitanda kingine. Shingo sikuigusa. Wala sikumuuliza kama alishatibiwa malaria karibuni, na kumbe alitibiwa wiki mbili nyuma. Vipimo vinavyosaka HRP2, protini ya vimelea vya malaria, huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Kulipokucha amechanganyikiwa, shingo imekakamaa. Homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena.

Kwenye raundi bingwa wangu alinifokea mbele ya wagonjwa, manesi na maintani, yaani madaktari walio mafunzoni. "Umesomea wapi wewe?" Hakuna aliyeniuliza usiku ule nilifikirije. Miaka imepita, bado inaniuma. Angeuliza, angegundua kwamba ugonjwa niliujua vizuri sana. Niliacha kufikiri pale tu kipimo kilipojibu.

Ndiyo maana wodini kwangu majibu ya maabara nayashika mimi. Rezidenti anieleze mgonjwa, ataje anachokidhani, anipe sababu, aniambie ni ugonjwa gani ukimpita mgonjwa atakufa. Halafu namfunulia jibu mojamoja, aseme limemsogeza wapi. Mwaka 1992 madaktari wa familia huko Marekani waliandika njia ya hatua tano ya kufundisha kwa dakika chache: mwache mwanafunzi aamue, mdai ushahidi, mpe kanuni moja, msifie alichopatia, msahihishe alichokosea. Ninaitumia kila siku, hata foleni ikiwa ndefu. Muulizeni kwa nini. Akijibu, muulizeni tena kwa nini.

Na msimpime mtu kwa mgonjwa mmoja! Aliye mkali kwenye magonjwa ya moyo anaweza kupotea kabisa kwenye ya figo. Kaa pembeni dakika 15 au 20, mtazame akimhoji na kumpima mgonjwa, mrudishie maoni palepale, kisha rudia kwa mgonjwa mwingine, na mwingine. Mwalimu anayesubiri mtihani wa mwisho wa mwaka amechelewa, na anayefoka anafundisha watu kuficha wasichokijua. Wagonjwa ndio wanaolipa.

Kijana wangu, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi njoo wodini. Kuna baba amelazwa jana, anahema kwa shida na miguu imevimba. Faili lake ninalo mimi.