Mtungi wa Kemikali Ukiisha, Usiuuze

Soko la Kibuye hapa Kisumu huuza mitungi na mapipa yaliyokwisha kutumika, na mama anayetafuta chombo cha kutekea maji huchagua kilicho imara na cha bei nafuu. Mtungi mmoja ulibeba mafuta ya kupikia, mwingine ulibeba asidi. Ukishabanduliwa karatasi ya maelezo na kuoshwa juujuu, macho hayawezi kuitofautisha. Nimetibu maji viwandani kwa miaka mingi, kwanza Nakuru na sasa Kisumu, na jambo ninalowasisitizia vijana wanaoingia kazi hii ni kwamba waogope mabaki kuliko mzigo mpya. Mzigo mpya una jina, una kifuniko, na kila mtu anauheshimu. Mabaki hayana mwenyewe.

Klorini ya unga, kwa mfano, huwa na klorini asilimia 65 hadi 70, kali mara nyingi kuliko jiki ya kufulia. Ikikutana na asidi, hata ile tunayotumia kutoa ukoko kwenye mabomba, hutoa gesi ya klorini, yenye sumu, papo hapo. Hali ni hiyohiyo kwa klorini ya maji. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mwenzetu alipewa mtungi ulioitwa mtupu akatilie asidi. Chini kulikuwa na klorini ya maji iliyobaki, na hakuna aliyekuwa ameandika lolote juu yake. Alikohoa hadi miguu ikamwishia nguvu. Tulimtoa nje penye upepo, akakimbizwa hospitali, na namshukuru Mungu alipona. Tangu hapo sikubali mtungi usio na maandishi uingie stoo, hata anayeuleta awe mkubwa wangu.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujaa mashimoni na mitaroni. Kwenye moshi wa moto tumefundishwa kuinama. Kwa klorini usiiname. Tembea wima, panda palipoinuka, elekea upepo unakotoka. Wala usimfuate mwenzako shimoni bila kifaa cha kupumulia, kwa sababu mtakuwa wagonjwa wawili.

Asidi na klorini zikae vyumba tofauti, kila moja na kata yake ya kuchotea. Rafu mbili za chumba kimoja hazitoshi. Unga wa klorini ukimwagika, usiufunike kwa vumbi la mbao kama tunavyofanya kwa dizeli: unaweza kushika moto. Ukiipunguza asidi nguvu, tanguliza maji kisha mimina asidi polepole, kamwe usifanye kinyume. Ikikurukia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, ndipo mtafute gari. Glavu, miwani na gambuti si hisani ya meneja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri avitoe. Mdai pia karatasi ya usalama ya kila kemikali. Ina sehemu 16, lakini anza na ya 4 kuhusu huduma ya kwanza, ya 6 kuhusu kumwagika, na ya 8 kuhusu vifaa vya kujikinga.

Sasa maji ya suuza. Wengi huyaelekeza mtaroni, na hapo ndipo huwa nagombana na watu. Klorini isiyofika hata miligramu 0.1 kwa lita inaweza kudhuru samaki, yaani maji ya bomba tunayokunywa bila shida yanaweza kumuua. Mtaro wa Kisumu huishia Kisat au mto mwingine, kisha Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria wanakovua ndugu zetu. Fosfati tunazotia kwenye boila ni mbolea kwa gugumaji, na wavuvi wanajua gharama yake. Nakuru ni pagumu zaidi, maana ziwa lile halina mto unaotoka. Kinachoingia na Mto Njoro hakipati njia ya kwenda kwingine.

Shabu, dawa ya kutuliza tope kwenye maji, nayo humwagwa kwa mazoea. Masika yakifika, mto unageuka kahawia, na fundi anaongeza maradufu bila kupima. Tia maji yaleyale kwenye vyombo sita vya kioo, kila kimoja na kipimo chake cha shabu, koroga, acha yatulie, kisha chagua kipimo kidogo kabisa kinachoyang'arisha. Utaokoa pesa, utapunguza tope, na mto hautapokea shabu ya ziada.

Mtungi ukiisha, usuuze mara tatu. Maji hayo yarudishe kwenye tangi la kuchanganyia kemikali hiyohiyo, kwa sababu bado yana dawa mliyoilipia. Kisha mtungi urudi kwa aliyewauzia. Kama hataki, utoboe chini na ubavuni kabla haujavuka geti, halafu mkabidhi mbeba taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Mimi siku hizi naomba sharti la kurudisha mitungi liandikwe kwenye oda ya ununuzi kabla bei haijakubaliwa, kwa sababu muuzaji akishalipwa hapokei simu.