Ukitaka kuwinda fezanti Iowa, tafuta mwenye shamba kabla ya shamba

Ndugu zetu mliohamia Iowa karibuni, muwe mmetoka Kigoma, Bukavu, Bujumbura au Mombasa, msimu wa uwindaji ukikaribia swali lenu la kwanza huwa ni bunduki gani mnunue. Bunduki ni jambo dogo. Hata ya mtumba inatosha, mradi fundi ameikagua. Kigumu ni kupata pa kuingia nayo. Zaidi ya asilimia 97 ya ardhi ya jimbo hili ni mali ya watu binafsi, na fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, anaishi humo humo, kwenye mashamba ya mahindi na soya na vipande vya nyasi vilivyobaki kati yake. Sheria ya Iowa haisubiri kibao cha kukataza. Ukiingia shamba la mtu kuwinda bila ruhusa yake ya wazi umevunja sheria, liwe na seng'enge au liwe wazi kabisa.

Kabla ya yote, karatasi. Mtu asiye na hadhi halali ya kuishi Marekani hakubaliwi na sheria ya shirikisho kushika bunduki wala risasi moja, hata ya kuazimwa na rafiki. Mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, naye amekatazwa, ila sheria ina misamaha michache, na mmoja wake ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, isipokuwa kama kuna kizuizi kingine, mathalani hukumu ya ukatili wa nyumbani. Kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha mhamiaji nchini, kwa hiyo kama hujui umesimama wapi, mwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Fezanti watakuwepo mwakani.

Mengine ni mepesi. Aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 lazima apite kozi ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni ya kawaida. Juu ya leseni kuna ada ya kuhifadhi makazi ya wanyama. Msimu huanza Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na kufungwa Januari 10. Kupiga ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Unaruhusiwa majogoo watatu kwa siku, tetea haguswi. Vazi la rangi ya chungwa inayowaka ni lazima. Kanuni hubadilika, soma kijitabu cha Idara ya Maliasili ya Iowa kila mwaka.

Sasa twende kwenye ardhi. Nakushauri usianze kwa kubisha milango. Anza kwenye maeneo ambayo tayari yako wazi, hasa yale ya mpango unaoitwa IHAP: jimbo humsaidia mwenye shamba kutunza nyasi na miti, naye anawaruhusu wawindaji waingie kwa miguu kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Ramani yake iko kwenye tovuti ya idara, na mipaka ina vibao. Maeneo haya hukanyagwa na watu wengi na ndege wake ni wajanja, lakini ndiyo shule yako. Hapo utajifunza fezanti anataka nini: nyasi ndefu za kutagia zisizofyekwa mapema, chakula karibu, na wakati wa theluji kichaka kizito cha kujificha upepo, hasa matete ya kwenye vinamasi. Mahindi yakiwa bado yamesimama Oktoba, ndege wengi wamo ndani yake. Yakishavunwa, wanahamia kwenye nyasi za pembeni. Kuna pia mashamba yaliyo kwenye mpango wa shirikisho wa CRP, ulioanza na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ambapo mkulima hulipwa pesa za pango kwa miaka 10 hadi 15 ili aache ardhi dhaifu iote nyasi. Usichanganye: kulipwa na serikali hakuifanyi ardhi ya CRP kuwa ya umma. Ruhusa bado ni ya mwenyewe.

Faida ya shule hii ni kwamba utakapomfikia mkulima, hutaomba shamba lake zima. Utaomba kile kipande cha nyasi kando ya kijito, upande wa mashariki wa ghala. Ombi dogo lenye mipaka hupata jibu upesi kuliko ombi kubwa lisilojulikana mwisho wake. Mkulima naye atatambua kwamba unalijua jambo unaloliomba.

Kujua nani ni mwenye kipande hicho si kazi ngumu. Mashamba ya huku yalipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ekari 640, na robo yake ni ekari 160. Ndiyo maana barabara za changarawe zinakatana karibu kila maili. Kila kaunti ina rejesta ya wamiliki, na kaunti nyingi zimeiweka mtandaoni. Viko pia vitabu vya ramani vyenye majina, na programu za simu zinazokuonyesha umesimama kwa nani. Lakini angalia jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui: zaidi ya nusu ya mashamba ya Iowa yanalimwa na mpangaji. Jina la kwenye ramani laweza kuwa la mama mjane anayeishi mjini, na mtu unayemwona juu ya trekta ni mwingine kabisa. Uliza wote wawili. Ruhusa inatoka kwa mwenye mali, lakini anayelima ndiye atakayekukuta shambani, na asipokuwa na habari zako siku yako imeharibika, na yake pia.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Ruhusa nzuri huanza mahali unapojulikana tayari, na wengi wetu tunajulikana kuliko tunavyodhani. Kiwandani unapokata nyama, hospitalini unapofanya zamu ya usiku, kanisani, kwenye timu ya mpira ya mtoto, kuna mtu ambaye baba yake ana shamba, au shangazi, au mkwe. Iowa ni jimbo la wakulima. Ukikaa na watu kumi wakati wa chakula cha mchana, uliza tu kwa sauti kama kuna anayemjua mwenye nyasi na fezanti. Anayekuona kila siku ukifika kazini kwa wakati anaweza kumwambia babu yake, "Huyu namfahamu." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko lolote utakalolisema mwenyewe ukiwa umesimama kwenye baraza ya nyumba usiyoijua.

Wenzako wanaowinda nao wanahitaji watu. Shamba kubwa la nyasi haliwindwi na mtu mmoja: wengine wanatembea kwa safu wakiwasukuma ndege, wengine wanasimama mwisho wa shamba kuwazuia, maana fezanti hupenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Jitolee kutembea. Kata leseni, vaa chungwa, na mara ya kwanza waambie utatembea bila bunduki. Utaona jinsi safu inavyonyooshwa, nani anaruhusiwa kupiga upande upi, na mbwa anafanya nini. Mwenye shamba atakuona uko katikati ya watu anaowaamini, akujue kwa sura na kwa jina. Mwaka unaofuata unaweza kumwomba mwenyewe.

Wakati wa kuomba una maana kubwa. Asubuhi ya siku ya ufunguzi ni kuchelewa. Waungwana wenzako wamekwisha kuomba. Septemba na Oktoba mkulima anavuna soya na mahindi, analala saa chache, na kombaini ikiwa inanguruma hana nafasi ya kukusikiliza. Nenda Julai au Agosti, jioni kabla ya chakula, au Jumamosi mchana. Ukisikia kwamba shamba limewekewa wawindaji wa paa, usikate tamaa. Wenye mashamba wengi hawataki mtu apite humo kabla ndugu zao hawajamaliza kuwinda paa kwa shotgani mwezi Desemba. Sema wazi kwamba hutaingia mpaka wamalize. Kutoka Krismasi hadi Januari 10 baridi ni kali, wawindaji wengi wamechoka, na fezanti wamejikusanya kwenye matete. Ruhusa nyingi ambazo zingekataliwa Oktoba hupatikana kwa kipindi hicho.

Kama huna wa kukutambulisha na lazima ubishe hodi mwenyewe, nenda mchana kweupe. Usiende kundi la wanaume wanne. Nenda peke yako, au na mkeo au mtoto. Gari lisimame mahali linapoonekana kutoka dirishani. Bunduki iache nyumbani, hata fulana ya chungwa usiivae. Mbwa wa shamba akija anabweka, kaa ndani ya gari mpaka mwenyewe atoke. Ukishabisha rudi hatua kadhaa nyuma, mikono ionekane. Nayasema haya bila kuzunguka kwa sababu sisi ni weusi na ni wageni, na kuna vijiji ambako sura yetu barazani itamshtua mtu kabla hatujafungua kinywa. Si haki, lakini usalama wako ni wa kwanza. Kama moyo unasita, ondoka. Barua ya mkono yenye picha yako na ya familia ni njia nzuri vilevile, na kwa mama mjane wa mjini mara nyingi ndiyo bora zaidi.

Kwetu tumelelewa kusalimiana kwa kirefu kabla ya shida kutajwa. Huku salimia, taja jina lako, unapoishi, unapofanya kazi na aliyekuelekeza kwake, kisha sema ulichojia. Usimfanye mkulima asubiri. Mwachie kikaratasi chenye jina, namba ya simu na namba ya gari. Halafu nyamaza umsikilize, maana masharti yake ndiyo yatakayokuletea heshima: ng'ombe wako wapi, geti lipi lifungwe, gari lisikanyage wapi, apigiwe simu kila mara au mara moja inatosha. Andika mbele yake.

Swali analolibeba moyoni, hata asipolitamka, ni kama utaumia shambani kwake kisha umshtaki. Sheria ya Iowa, sura ya 461C, inamlinda kwa kiasi kikubwa anayeruhusu watu kutumia ardhi yake kwa burudani bila malipo. Akitoza ada, kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo usiingie na noti mkononi. Ukitaka kushukuru, shukuru baadaye.

Akisema hapana, mshukuru, mtakie mavuno mema, ondoka. Usimwombe sababu. Wapo waliokataa mwaka mmoja wakakubali uliofuata kwa sababu tu mtu aliondoka vizuri.

Ukishapewa, ruhusa ni yako wewe, siyo ya binamu zako. Usilete mtu ambaye hakutajwa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililokuwa wazi liache wazi. Okota maganda yako ya risasi na ya wenzako. Usifyatue ndani ya yadi 200 za nyumba wanamokaa watu au banda la mifugo bila idhini ya mwenyewe. Ndege uliyempiga akiangukia ng'ambo ya mpaka, sheria inakuruhusu kumfuata ukiwa huna silaha. Iache bunduki upande wako, chukua ndege, rudi. Na unaposafirisha nyama, acha kichwa, bawa lenye manyoya au mguu ubaki kwenye mwili ili askari wa wanyamapori aone kwamba ni jogoo. Waislamu wenzangu wanaotaka kuchinja wabebe kisu kikali na wamwahi ndege kabla roho haijatoka.

Shukrani isichelewe hadi msimu ujao. Mpelekee ndege aliyesafishwa kama anapenda. Wengi wamezeeka na hawawindi tena, lakini ladha wanaikumbuka. Nyama ya fezanti ni kavu, ikichemshwa taratibu kwa tui la nazi inalainika, na sufuria moja ya namna hiyo, au sahani ya sambusa moto, imefungua milango zaidi ya kadi za Krismasi, ingawa kadi nayo itume. Machi na Aprili piga simu uulize kama kuna uzio wa kutengeneza au mawe ya kuokota shambani. Nenda kweli, na glavu zako.

Weka daftari la ruhusa zako: jina la mwenye shamba, la anayelima, masharti, na tarehe ya mwisho mlipozungumza. Kila kiangazi wapigie wote upya, hata aliyekwambia uje wakati wowote. Shamba huuzwa, mpangaji hubadilika, nyasi za CRP mkataba wake huisha zikalimwa mahindi. Na mwenye shamba akifariki, hudhuria mazishi kama umesikia, wape familia muda, kisha mwombe mrithi kama mtu anayekuona kwa mara ya kwanza.