Homoni ya ukuaji imesomeka kawaida: je, akromegali imeondolewa?

Swali: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya. Nina mgonjwa, mama wa miaka 44 mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu, anayelalamikia ganzi ya vidole usiku na pete ya ndoa isiyoingia tena. Nilishuku akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini, lakini homoni ya ukuaji ilipopimwa mara moja ilikuwa ya kawaida. Je, niachane na shaka hiyo? Na je, wagonjwa wote wa kisukari wachunguzwe?

Jibu: Usiachane nayo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, ikipanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo kipimo kimoja cha saa yoyote hakithibitishi ugonjwa wala hakiukanushi. Kinachopimwa kwanza ni IGF-1, protini ya kwenye damu ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini kwa kuchochewa na homoni hiyo, haiyumbi sana kutwa nzima, na wala haimlazimu mgonjwa kufunga. Majibu yake yasomwe kwa viwango vya umri wa mgonjwa. Angalia pia kwamba kisukari kisichodhibitiwa, utapiamlo, ugonjwa wa ini na vidonge vya estrojeni vinaweza kuishusha hadi ikaonekana ya kawaida, ilhali ujauzito huipandisha. Ikiwa sukari ya mama huyu bado iko juu, idhibiti kwanza, kisha kipimo kirudiwe.

IGF-1 ikiwa juu, hospitali ya rufaa itathibitisha kwa kumnywesha gramu 75 za glukosi na kupima homoni ya ukuaji kila baada ya dakika 30 kwa saa mbili. Kwa mtu mzima wa afya, homoni hiyo hushuka chini ya mikrogramu 1 kwa lita, na kwa mashine nyeti za sasa kikomo kinachotumika ni 0.4. Mwenye akromegali haishuki hivyo. Ndipo hufuata picha ya MRI ya pituitari, kwa sababu chanzo karibu daima ni uvimbe usio wa saratani katika tezi hiyo.

Hata hivyo, kifaa ninachokithamini kuliko vyote hakina gharama: picha za zamani. Sura hubadilika polepole mno hata familia isitambue, na ndiyo maana ugonjwa huu hugunduliwa baada ya miaka mingi. Linganisha uso wa leo na picha ya kitambulisho au ya harusi, ukitazama pua, midomo, taya na mianya ya meno. Kisha uliza kama namba ya viatu imeongezeka.

Kuhusu swali la pili, kumpima kila mwenye kisukari si matumizi mazuri ya fedha, kwani akromegali ni adimu. Mwongozo wa mwaka 2014 wa Endocrine Society ya Marekani unashauri IGF-1 ipimwe pale matatizo kadhaa yanapokutana kwa mtu mmoja, hata kama sura haijabadilika: kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, kukatika pumzi usingizini, maumivu makali ya viungo, jasho jingi, na ganzi ya vidole itokanayo na kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa wako tayari ana zaidi ya moja.

Kabla hajaondoka, mpime uoni wa pembeni kwa kusogeza vidole vyako, jicho moja baada ya jingine, kwani uvimbe wa pituitari ukikua unaweza kubana mishipa ya fahamu ya macho. Akishindwa kuviona pande za nje, rufaa isisubiri majibu ya maabara.